Namna ya Kuchagua na Kuandaa Baiskeli ya Zamani ya Chuma kwa Safari Ndefu

Baiskeli za zamani za chuma, yaani zile Raleigh za Nottingham ambazo wazee wetu walizinunua kwa fedha ya pamba, kahawa au mshahara wa kwanza, pamoja na Phoenix za Shanghai zilizokuja baadaye kwa umbo lilelile, ziliundwa kwa ajili ya barabara mbovu na mizigo mizito. Magurudumu yake ni makubwa, fremu yake ni ndefu, na uma wake wa mbele umelala kiasi kwamba mtikisiko mwingi wa barabara huishia chini kabla haujafika mabegani mwa mwendeshaji. Ni nzito, kwa kuwa nyingi huzidi kilo 18 hata kabla ya kufungwa mzigo, lakini uzito huo ndio unaobeba magunia ya mkaa hadi leo, na mtu asiye na haraka anaweza kusafiri nayo siku nzima bila kuumia mgongo. Mimi nimekwenda kwa baiskeli ya namna hiyo kutoka Morogoro hadi Dodoma, mwendo wa karibu kilomita 260, na sehemu kubwa ya maelezo haya nimeipata katika kuiandaa kwa safari hiyo na katika kuitengeneza njiani.

Naomba msomaji ashike jambo moja tangu mwanzo: fedha ya kununulia ni ya fremu, na fedha ya matengenezo ni ya magurudumu. Wanunuzi wengi huvutwa na rangi inayong'aa na kengele inayolia vizuri, kisha hushangaa baiskeli inapowavuta upande mmoja au inapokata spoki kila baada ya kilomita 20. Rangi iliyochubuka haimzuii mtu kufika aendako, bali fremu iliyopinda humzuia.

Kuikagua kabla ya kununua

Baiskeli nzuri za zamani hupatikana zaidi stoo za nyumba za wazee kuliko sokoni. Ukiisha kusalimia na kuruhusiwa kuitazama, itoe nje kwenye mwanga na usiwe na haraka ya kuipanda. Anza na shingo ya baiskeli, mahali mabomba mawili ya fremu yanapokutana na bomba linaloshika uma wa mbele. Pitisha kidole chini ya kila bomba, sentimita chache tu nyuma ya maungio hayo. Bomba zima huwa laini moja kwa moja, ilhali bomba la baiskeli iliyowahi kugonga gari au ng'ombe huwa na mkunjo mdogo kama wa ngozi ya goti, na mara nyingi rangi hupasuka hapo kwa mistari myembamba. Kidole hugundua mkunjo huo hata pale ambapo macho yamedanganywa na rangi mpya. Ukiupata, shukuru kwa ukarimu na uondoke, hata bei iwe ndogo namna gani.

Baada ya hapo simama kando, hatua tatu kutoka kwenye baiskeli, uitazame kwa ubavu. Sehemu ya juu ya uma inapaswa kufuata mstari uleule wa bomba la shingo kabla ya kuanza kujikunja kuelekea mbele. Uma uliorudishwa nyuma na ajali huonekana kana kwamba umevunjika kiuno, na gurudumu la mbele huwa karibu mno na fremu, kiasi kwamba kidole cha mguu hugusa madigadi wakati wa kukata kona.

Kipimo cha tatu nilifundishwa na mzee mmoja fundi ambaye hakuwa na kifaa chochote zaidi ya uzi wa cherehani. Unafunga uzi mahali ekseli ya nyuma inapokaa upande wa kushoto, unaupeleka mbele, unauzungusha kwenye bomba la shingo, kisha unaurudisha hadi mahali ekseli inapokaa upande wa kulia na kuukaza. Halafu unapima kwa rula nafasi iliyopo kati ya uzi na bomba la kiti, kwanza kushoto na kisha kulia. Nafasi hizo zikilingana, fremu imenyooka. Zikitofautiana kwa milimita mbili au tatu, fundi hodari anaweza kuirekebisha, kwa sababu chuma cha fremu hizi hukubali kukunjwa kwa ubaridi. Tofauti ikizidi hapo, gurudumu la nyuma halitafuata la mbele, na utaitumia safari nzima ukiisahihisha baiskeli kwa mikono.

Legeza nati ya bomba linaloshika tandiko na ujaribu kulizungusha. Likizunguka, livute nje kabisa na uingize kijiti kilichofungwa kitambaa ndani ya fremu. Kikitoka na vumbi jekundu kidogo si neno, lakini kikitoka na magamba ya kutu na maji, bomba hilo linaliwa kutoka ndani. Lisipozunguka kabisa, hesabu gharama ya siku kadhaa za kulimwagia mafuta ya kulainisha kutu na kuligonga taratibu, na upunguze bei kulingana na hilo.

Kuhusu ukubwa, fremu za kiume za aina hii hutengenezwa zaidi kwa inchi 22 na inchi 24. Simama juu ya bomba la juu ukiwa umevaa viatu vya safari, nyayo zote mbili zikigusa chini, na hakikisha pamebaki nafasi ya vidole viwili au zaidi kati yako na bomba. Mtu mfupi akilazimisha fremu ya inchi 24 atajuta pale atakapolazimika kusimama ghafla kwenye mchanga.

Ukiona habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, ni nene na ina cheni nyembamba kama ya saa inayochomoza kwenye ekseli, hiyo ni habu ya gia tatu ya Sturmey-Archer, na umebahatika. Futa uchafu juu yake kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Nyingi huandikwa AW, aina iliyoanza mwaka 1936, zikifuatiwa na tarakimu mbili za mwaka na tarakimu ya mwezi wa kutengenezwa. Kwa mfano, 58 na 3 humaanisha Machi 1958. Habu inaweza kuwa imebadilishwa, kwa hiyo tarehe hiyo si lazima iwe ya baiskeli nzima, lakini mara nyingi ndiyo ushahidi pekee wa umri uliobaki.

Mkikubaliana bei, andikishianeni hati ya mauziano mbele ya mashahidi katika ofisi ya serikali ya mtaa au ya kijiji, mkitaja namba iliyogongwa kwenye fremu. Baiskeli ya kusafiria itavuka vijiji ambavyo hakuna anayekujua.

Magurudumu

Hapa ndipo fedha na subira zinapohitajika zaidi. Soma kwanza kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Baiskeli kubwa zenye breki za vyuma, yaani zile zinazotumia fito badala ya waya, hutumia tairi ya 28 x 1½, ambayo tairi za kisasa huiandika pia 40-635, yaani upana wa tairi na kipenyo chake cha ndani kwa milimita. Zipo tairi nyingine zilizoandikwa 28 x 1⅝ x 1⅜, na mwenye duka anaweza kukuuzia kwa nia njema kabisa akisema kuwa 28 ni 28. Hizo ni 37-622, na kipenyo chake ni kidogo kwa milimita 13, kwa hiyo haziingii kamwe kwenye ringi yako. Baiskeli nyepesi zaidi za zamani, zenye breki za waya, hutumia 26 x 1⅜, ambayo kipenyo chake ni 590. Andika namba ya milimita kwenye karatasi uende nayo dukani.

Nunua tairi mpya zote mbili, pamoja na tyubu mpya. Tairi kuukuu inayoonekana nzima huwa imekauka ubavuni, na hupasuka siku ya kwanza ikikutana na jua la mchana na mzigo wa kilo 20. Kwa wanaopita Dodoma, Singida na Shinyanga, ambako mbigili na miiba ya migunga hujaa kando ya barabara, chukua tyubu iliyochakaa, ukate valvu yake, uipasue kwa urefu, na uivalishe kati ya tairi na tyubu mpya. Inaongeza uzito kidogo, nami naona uzito huo unalipa. Upepo wa tairi hizi uwe wastani: karibu paundi 50 mbele, na 60 nyuma ukiwa na mzigo, mradi usizidi kiwango kilichoandikwa ubavuni. Kama tyubu zako zina valvu za kipira, beba vipira vitatu au vinne vya akiba, kwa sababu joto huvilainisha hadi vikashikana na chuma.

Ringi na spoki hukaguliwa gurudumu likiwa hewani. Pindua baiskeli, zungusha gurudumu taratibu, na ushike kipande cha chaki karibu na ubavu wa ringi. Mahali chaki inapogusa ndipo ringi ilipotoka nje. Kisha bana spoki mbili mbili kwa vidole, ukilizunguka gurudumu lote. Spoki iliyolegea hujulikana mara moja, kwa kuwa haina ukinzani, na ukiigonga na bisibisi sauti yake huwa nzito kuliko ya wenzake. Magurudumu ya Uingereza ya aina hii huwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma, na hizo nane za ziada zimewekwa nyuma kwa sababu mzigo mkubwa uko huko. Usikubali ringi ya nyuma yenye spoki pungufu hata moja. Kama spoki zilizokatika ni zaidi ya tatu, na zote zimekatikia kwenye kikunjo kinachoingia kwenye habu, basi nyingine nazo zimechoka, na ni nafuu kufuma gurudumu upya ukiwa nyumbani kuliko kulifuma chini ya mbuyu.

Fungua habu zote mbili. Toa gololi, uzioshe kwa mafuta ya taa, kisha uzitazame moja moja juu ya karatasi nyeupe. Gololi nzuri inaakisi uso wako, na iliyokwisha ina ukungu au vishimo. Badilisha seti nzima, kwa kuwa gololi mpya zikichanganywa na za zamani hazilingani ukubwa, na hizo mpya hubeba mzigo wote peke yake. Kwa kawaida habu ya nyuma hutumia gololi tisa za robo inchi kila upande, na ya mbele hutumia ndogo zaidi, za inchi 3/16, kumi kila upande. Jaza grisi mpya, rudisha koni, yaani nati inayozishika gololi mahali pake, na uikaze mpaka gurudumu lisicheze kushoto na kulia, lakini liendelee kuzunguka lenyewe hadi valvu, iliyo nzito, ishuke chini na kusimama hapo. Habu yenye gia tatu usiifungue kama hujawahi kuiona ikifunguliwa. Mara nyingi inachohitaji ni kijiko kimoja cha chai cha mafuta mepesi, kama yale ya cherehani, kupitia kitundu chake chenye kifuniko. Mafuta ya kupikia yasikaribie kabisa, kwa sababu huganda na kugeuka gundi.

Uzito wa gia

Baiskeli nyingi za zamani huwa na meno 48 mbele na 18 nyuma. Kwa gurudumu la inchi 28, kila mzunguko mmoja wa pedeli husogeza baiskeli karibu mita sita, jambo linalofaa barabara tambarare bila mzigo, lakini linaloua magoti kwenye mpando mrefu kama ule wa kutoka Dumila kuelekea Gairo. Badilisho ninalolipendekeza kuliko mengine yote, na ambalo ni la gharama ndogo, ni kuweka friwili, yaani gia ya nyuma inayovutwa na cheni, ya meno 20 au 22. Meno 20 hukupa mita 5.4 kwa mzunguko, na meno 22 hukupa mita 4.9. Ukipiga pedeli mizunguko 60 kwa dakika kwa meno 22 unakwenda kilomita 17 na zaidi kwa saa, mwendo ambao mtu wa kawaida anaweza kuuhimili kuanzia alfajiri hadi saa tano asubuhi bila kuvunjika moyo. Mwenye habu ya AW ananufaika zaidi, kwa kuwa gia ya kwanza hupunguza mwendo hadi robo tatu ya gia ya kati na gia ya tatu huuongeza kwa theluthi moja. Kwa hiyo akiwa na meno 22 atapata takriban mita 3.7, 4.9 na 6.5.

Ukitoka meno 18 kwenda 22, cheni itahitaji kuongezwa urefu wa inchi moja, yaani kipande kimoja cha nje na kimoja cha ndani. Kabla ya kuiongeza, ipime. Pingili 24 za cheni mpya zina urefu wa milimita 304.8, ambazo ni inchi 12 kamili. Zikifika milimita 306 na nusu, cheni imechakaa, na zikifika 308 hata meno yatakuwa yameliwa, kwa hiyo badilisha vyote kwa pamoja. Ikishafungwa, cheni ipande na kushuka katikati kwa kiasi cha sentimita moja hivi.

Gia za AW hurekebishwa kwa jicho. Weka kishikio kwenye gia ya pili, kisha chungulia kwenye tundu la nati ya ekseli upande wa kulia: bega la kile kipini chenye cheni nyembamba liwe sawasawa na ncha ya ekseli. Likiwa ndani au nje zaidi, geuza kikazio cha waya mpaka lilingane. Usilipuuze hili, kwa sababu kati ya gia ya pili na ya tatu kuna mahali ambapo pedeli hazishiki kitu, na aliyesimama juu ya pedeli wakati huo huangukia bomba la fremu.

Kotapini

Mikono ya pedeli ya baiskeli hizi hushikwa kwenye ekseli ya kati kwa kotapini, yaani pini ya chuma yenye upande mmoja bapa na nati nchani, na hapa ndipo nilipopata taabu. Fundi mmoja wa barabarani aliniwekea kotapini mpya kwa kuigonga nyundo huku mkono wa pedeli ukining'inia hewani, kisha akaimalizia kwa kukaza nati kwa nguvu zake zote. Kabla ya Gairo nikaanza kusikia mlio mdogo, tiki, kila mguu wa kushoto uliposhuka. Nilipofungua, upande bapa wa kotapini ulikuwa umeliwa umbo la ngazi na uzi wa nati ulikuwa umevuliwa.

Njia sahihi ni hii. Tumia tupa kusawazisha upande bapa hadi ulale vizuri kwenye mfuo wa ekseli. Ingiza kotapini mbili kwa mielekeo inayopingana, ili mkono mmoja ukiwa mbele na nati yake ikatazama chini, mkono mwingine ukifika mbele nati yake itazame chini vilevile. Vinginevyo pedeli hazitakaa kwenye mstari mmoja. Simamisha kipande cha bomba zito chini ya mkono wa pedeli, kikiwa kimekita sakafuni, na ndipo ugonge kotapini kwa mapigo machache mazito, ili nguvu yote iishie sakafuni na isipite kwenye gololi. Nati kazi yake ni kuishikilia kotapini tu, na haifai kutumika kuivuta.

Tandiko, usukani na breki

Tandiko la ngozi lenye springi ni bora kuliko la plastiki kwa safari ndefu, mradi ngozi haijapasuka kwenye ripiti. Lipake mafuta ya ngozi upande wa chini, na usilikalie likiwa limelowa, kwa sababu litanyooka na kuwa kama kitanda cha kamba kilicholegea. Urefu wake hupimwa hivi: ukikaa, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, na mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Wengi huliweka chini mno kwa kuogopa kuanguka, kisha hulalamikia magoti. Usukani uwe sawa na tandiko au juu kidogo, lakini bomba lake lisivutwe hadi likabaki chini ya sentimita sita ndani ya shingo. Kwenye breki za vyuma, ukiinua usukani ni lazima ulegeze kiungo cha fito inayoshuka kwenye breki ya mbele na kuifunga upya kwa urefu mpya.

Raba za breki ziwe umbali wa milimita tatu hivi kutoka kwenye ringi na zigonge pande zote mbili kwa wakati mmoja. Hata zikifungwa vizuri, ringi ya chuma iliyolowa haishiki kama ringi kavu, na mvua inapoanza inakupasa kuzigusa breki mapema ili kuifuta ringi kabla hujahitaji kusimama. Kwenye miteremko mikali kama ya Kitonga, katika barabara ya Morogoro kwenda Iringa, mwenye mzigo ashuke na kuikokota. Nalisema hili kwa uzito wote, kwa sababu malori hayana mahali pa kukukwepea.

Mzigo na majaribio

Mzigo ukae chini na karibu na tandiko, ukigawanywa sawa pande mbili za keria, na usizidi kilo 20 kama wewe mwenyewe una zaidi ya 75. Funga kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu za gari, ambayo hubana bila kulegea kama kamba. Katika mfuko mdogo weka spana za nati za ekseli na za kotapini, kotapini moja ya akiba, spoki nne, viraka, solusheni, pampu na kopo dogo la mafuta.

Wiki moja kabla ya safari, fanya majaribio ya kilomita 30 ukiwa na mzigo kamili, kisha urudi nyumbani siku hiyohiyo. Ukifika, simamisha tena lile bomba chini ya mikono ya pedeli na ugonge kotapini zote mbili upya, kwa kuwa kotapini mpya hujilaza mahali pake baada ya kubeba uzito. Bana tena spoki mbili mbili, hasa kama gurudumu limefumwa upya, kaza nati za ekseli na za keria, na utazame kama cheni imelegea. Rudia ukaguzi huo jioni ya siku ya kwanza ya safari yenyewe, kungali na mwanga, kabla hujaoga wala hujala.